Kidole Gumba cha Kisaka

"Barafuni mimi nateleza kama sabuni ya bafuni! Mkono wangu haugusi chini ng'o," Kisaka alitamba, ameshika mpini wa jiwe zito la mchezo, lile linalosukumwa juu ya barafu kuelekea shabaha.

Kocha alishasema: kila mmoja ana nafasi tatu, na atakayeshika chini kwa mkono hachezi Jumamosi. Mara mbili Kisaka aliteleza na jiwe lake, na mara mbili mguu wa mbele ulimtoroka, akatua kwa makalio. Sasa alibakiwa na nafasi moja. Akajisukuma, akachuchumaa, akaliachia jiwe vizuri. Kisha akayumba, akajishika chini upesi wakati kocha analisindikiza jiwe kwa macho.

"Sijagusa, kocha!" akasema, kiatu kikiwa kimekanyaga pale pale alipojishika.

"Toa mguu, mwanangu," akasema Bi Mashavu, mfagiaji wa barafu.

Kisaka hakuutoa. Pembeni mwa soli, alama ya kidole gumba iliyoyeyusha barafu, bado ina majimaji, ilikuwa ikichungulia.