Masikio ya Mhina

Mhina alikuwa katika kundi lililoiba nyimbo na filamu za watu na kuzisambaza mtandaoni. Kundi lilipovunjwa, hakuna aliyefungwa. Kila mmoja alipandikizwa masikioni kifaa kinachozima sauti ya kazi yoyote ya sanaa iliyosajiliwa. Mhina akarudi nyumbani Korogwe. Alisikia mvua, kuku na mazungumzo ya watu, lakini redio ya jirani ilipopiga muziki, kwake ilikuwa bubu.

Hilo halikumsumbua, hadi binti yake Zuhena alipotunga wimbo juu yake, ukapendwa nchi nzima. Jioni moja alimwimbia baba yake sebuleni. Mhina aliona midomo tu ikicheza.

"Basi nisomee maneno yake, mwanangu," alisema.

Zuhena akayasoma polepole. Midomo ikacheza tena bila sauti, kwa kuwa maneno nayo yalikuwa yamesajiliwa.

"Unahusu nini hasa?"

"Unahusu nilivyokuwa nikikuita chakula kikiiva, nawe hutaki kuacha jembe."

Mhina alicheka, akasema hilo linamtosha.

Kesho yake mchana alikuwa uani akipalilia mchicha. Zuhena akatoka jikoni, akamwita, "Baba, njoo tule!" Hakugeuka. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, kisha akajiziba mdomo. Alikuwa ameita kwa maneno ya kiitikio.

Akamwendea, akamgusa bega.

"Ala, kumbe upo!" Mhina alisema. "Mama yako hajapakua tu?"