Kikande wa Pili

Chengo hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na jibu la kumpa bintiye Mwanasiti, aliyeandika kwamba mumewe anampiga na anaomba kurudi nyumbani. Alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe na samaki mmoja mkubwa aitwaye kikande. Jana alimtilia kikande wa pili, mdogo, akiamini watazoeana.

Asubuhi alimkuta mdogo amejikaza ndani ya tundu la matumbawe, mwiba wa mgongoni umesimama, mapezi yametafunwa. Alikuwa amekufa.

“Kaka, si nilikwambia hawakai wawili?” alisema dada yake, Bi Tatu.

“Nilidhani akijificha, mwenziwe atachoka.”

“Haya, kachoka nani? Mtoe, kisha umwandikie Mwanasiti avumilie. Mbona sisi tulivumilia?”

Chengo aliingiza mkono majini, akabonyeza kimwiba kidogo kilicho nyuma ya ule mwiba uliomkwamisha mdogo tunduni. Mwiba mkubwa ukalala, mzoga ukatoka.

Akafuta mikono, akaandika: “Mwanangu, barua hii ikikufika usingoje kufungasha. Njoo.”

Akaifunga bahasha, akaenda posta, akaitumbukiza sandukuni. Kisha akainama, sikio kwenye chuma, akingoja kuisikia ikitua.