Jina Juu ya Mlango

Asubuhi baada ya hukumu, Badi alifika kwenye duka la Mwanakheri, mjane wa kaka yake, akiwa na ngazi, brashi na kopo la rangi nyeupe. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba jina "Achari ya Mwanakheri" ni mali ya Badi, kwa kuwa ndiye aliyelisajili walipokuwa wakifanya biashara pamoja.

"Shemeji, tusigombane," alisema. "Nafuta kibao, naondoka. Wewe pika achari yako, uipe jina jingine."

"Jina hili nilipewa na bibi yangu kabla mama yako hajakuzaa. Na shemeji usiniite. Aliyetuunganisha tumeshamzika."

Badi alitegesha ngazi. Mwanakheri akampokonya brashi na kopo.

"Hulifuti wewe," alisema, akapanda mwenyewe.

Alipitisha brashi juu ya herufi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayemwosha maiti wake. Wateja walikusanyika mlangoni. Lakini rangi ilikuwa nyepesi, na jina likabaki likisomeka.

"Bado linaonekana," Badi alisema kutoka chini. "Rudia."

Mama mmoja mwenye bakuli aliinua uso. "Mwanakheri, achari ipo leo?"

"Ipo, dada. Ingia ujipakulie."

"Unauza kwa jina gani?" Badi alifoka. "Nitakurudisha mahakamani!"

Mwanakheri aliiachia brashi ikaanguka. Akalishika kopo kwa mikono miwili, akaliinamisha juu ya kichwa cha Badi. Rangi ikaanza kukusanyika ukingoni.