Hodi ya Mwenye Nyumba

Mtandao wa faiba wa mtaani kwetu ulipozimwa kabisa, nyumba yangu ilinisahau. Siku hizi milango haina funguo. Unapiga hodi, mtandao unaitambua sauti yako, unaingia. Basi ikanibidi nihamie kampuni nyingine, nayo ikataka kunisikiliza nyumbani kutwa nzima ili inizoee.

Na kutwa hiyo nzima nilikuwa kwenye simu na watu wao wa huduma kwa wateja.

"Dada Mwanasha, subiri kidogo." Muziki. "Subiri kidogo tu, dada." Muziki tena, uleule! Nilifoka mpaka koo likakauka, na nyumba kimya, inasikiliza.

Sasa nikirudi kutoka kazini nikapiga hodi kama mtu mwenye adabu zake, mlango unanijibu, "Samahani mgeni, mwenye nyumba hayupo." Nikifoka, "Hebu fungua hapa, usinipotezee muda!" unafunguka papo hapo. "Karibu nyumbani, Mwanasha."

Nimelalamika mpaka nimechoka. Wananiambia mtambo hauna kasoro yoyote.

Jana nilirudi na furaha zangu, nimembebea binti yangu Rukia keki ya kuzaliwa. Nikapiga hodi huku nacheka. Mlango ukagoma. Nikamsikia Rukia, aliyetangulia kutoka shule, anakuja mbio.

"Ni mama, mwanangu," nikamwambia kwa upole. "Nifungulie."

Akasimama nyuma ya mlango.

"Muongo," akasema. "Mama yangu haongei hivyo."