Gia ya Mlima

Giaboksi ya matofali ya plastiki ya kuchezea iliingia yote tumboni mwa kigari cha betri, gia tatu zimebanana kama dagaa. Mzee Kitwana akapakia juu yake kastabini, kile kikofia cha kidole alichovaa marehemu mkewe akishona.

"Shemeji, umerudia utoto?" Mwanahawa alimcheka.

"Waulize wakubwa! Si walisema gari la wagonjwa haliwezi mlima wetu, mpaka dada yako akanifia mikononi?"

Akaegemeza ubao kitandani alipokaa, uwe mlima. Kwa gia ya tatu kigari kiligoma, kwa ya pili kikateleza. Akasukuma kijiti cha gia hadi ya kwanza, meno yakashikana.

"Kinapanda! Jamani, kinapanda!" Mwanahawa akapiga kigelegele.

Kilipofika juu, mzee hakukizima. Alikitegea kiganja, nacho kikaendelea kupanda mkono wake, kikinguruma na kastabini mgongoni, kuelekea kifuani.