Mlango wa Nyuma wa Bi Buku

Alikuwako Bi Buku, panya mwenye maringo, na kila aliyepita alilisifia shimo lake. Mlango wa mbele aliufagia asubuhi na jioni mpaka ukang'aa kama sahani. Maganda, vumbi na miiba ya samaki alivisukumia kwenye mlango wa nyuma, kusikopita mgeni.

Jirani yake, Fuko, alikuwa haoni. Kila alipotoka, alitoka na taka kidogo, leo kwa mlango huu, kesho kwa ule.

"Bwana Fuko, huko nyuma unamfagilia nani?" Bi Buku alimcheka. "Nani anakuona?"

"Hata mimi sikuoni, Bibi. Lakini napita."

"Nyumba ni mbele, jirani. Shika maneno yangu."

Mchana mmoja akaja Nyoka. "Hodi," alisema, nusu ya mwili imeshaingia. "Nimesikia sifa za hapa. Kweli panateleza!"

Bi Buku alitimka hadi mlango wa nyuma, akajigonga kwenye lundo lake mwenyewe. Alifukua, akakohoa, akapiga kelele. Fuko alisikia, akatoboa ukuta kutokea kwake, akamvuta kwa sikio. Nusu ya mkia ilibaki mdomoni mwa Nyoka.

Siku hizi mgeni akifika kwa Bi Buku humkuta na ufagio, kipande cha mkia kikicheza.

"Karibu," husema kwa maringo yale yale. "Mbele utapaona baadaye. Njoo kwanza uone nyuma!"