Kadi Namba Arobaini na Moja

Mara kumi na moja. Gervas alifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, akasoma upya. Kadi namba arobaini na moja, kitufe chekundu, saa mbili na robo asubuhi. Tena saa mbili na dakika ishirini. Tena. Tena. Mara kumi na moja, kadi ileile.

"Mijitu," alisema, akatema mate pembeni ya bomba.

Foleni nzima ilimsikia.

Ilivyo ni hivi. Hapa Kitangari maji ni ya kupigania, lakini desturi inajulikana: mwenye msiba anakinga kwanza, hata kama ndo kwanza anafika. Gervas, aliyemaliza kidato cha sita akakosa pa kwenda, alijifundisha kompyuta, akalitengenezea bomba mashine. Unagusisha kadi ya kaya, mashine inashika zamu yako, inafungua lita ishirini, inafunga. Desturi nayo akaiweka humo humo: kitufe chekundu. Ukikibonyeza, kerneli, yaani kile kiini cha programu, inapata intarapti, amri ya kuikatiza kazi. Inaacha inachofanya, inaandika ilipoishia, inapiga kufuli asiingie mwingine, inamkingia mfiwa, halafu inarudi palepale kwa yule iliyemwacha na ndoo nusu. Kufuli hilo lilimlia wiki tatu. Mwanzoni watu wawili wakibonyeza kwa pamoja mashine ilikuwa inawasahau wote, maji yanamwagika tu chini, na maji yenyewe ndiyo hayo.

Kamati ya maji ilimpa majaribio mpaka Jumamosi. Wakikubali, mabomba yote ya kata anayasimamia yeye. Wakikataa, anarudi kupalilia mikorosho ya watu.

Na mashine haikuwa na shida. Wenye shida ni watu. Mjomba wa Zabroni wa Tandahimba alikufa Jumatatu, Alhamisi akafa tena. Ethel alibonyeza kwa sababu ana wageni. Faidha alifiwa na kuku. Kila akiisoma ile orodha Gervas alikunja uso, kama mtu aliyevuta unywele kutoka kwenye uji.

Ndiyo maana leo alfajiri, kabla ya kupanda gari la Masasi kwenda kununua swichi, aliandika mstari mmoja tu: intarapti ya kitufe chekundu isisikilizwe. Mtu abonyeze mpaka kidole kiote sugu; mashine itaandika kwamba kabonyeza, lakini kugeuka haigeuki. Akaondoka roho nyeupe. Mama yake alikuwa kamwagiza ndimu za kikohozi. Simu ilimzimikia hukohuko Masasi.

Sasa ni saa tisa, kashukia hapohapo bombani, ndimu mfukoni. Na kumbe si kadi arobaini na moja peke yake. Baba Erasto, mtu mzima mwenye wajukuu, kakinga mara tatu tangu asubuhi na yumo kwenye foleni tena. Faidha mara tatu. Zabroni nne. Tena angalia walichobeba: huyu sufuria la ugali, huyu beseni, huyu dumu la mafuta lililokatwa mdomo. Yaani wamejaza mpaka ndoo zimewaishia nyumbani, na bado wanataka. Gervas aliwaangalia akaona kinyaa.

Mama Stamili, katibu wa kamati, alikuwa amesimama na daftari la kadi kwapani.

"Shikamoo, Mama Stamili. Naomba daftari. Nataka jina la arobaini na moja."

"Marahaba, mwanangu." Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mambo ya kadi yapo tu, hayakimbii, aende nyumbani kwanza.

Gervas akacheka vibaya. Aliwaambia wanafichana, na Jumamosi ataisoma orodha yote mbele ya kamati, jina kwa jina. Baba Erasto akainamia sufuria lake. Hata Zabroni, na mdomo wote ule, alikuwa anachezea mshikio wa dumu. Hakuna aliyemtazama usoni. Aibu ya wezi, Gervas alijisemea.

"Nenda nyumbani, Gervas," Baba Erasto alisema. "Unaitwa."

"Nitaenda nikishamjua huyu."

Akalivuta daftari kwapani mwa Mama Stamili. Mama Stamili hakulishikilia. Akashuka na kidole: thelathini na tisa, arobaini.

Arobaini na moja, Yuliana. Mama yake.

Gervas mwenyewe hajawahi kuishika kadi ya kwao. Kukinga maji ni kazi ya Dorika, dada yake. Kumbe Dorika. Dorika aliyemwona akikesha na lile kufuli, leo kabonyeza mara kumi na moja ili asipange foleni. Ndiyo maana wote wamenyamaza: wanamwonea huruma. Mate yakamjaa mdomoni, machungu. Wezi wa nje unaweza kuwatemea. Wa kwenu unamtemea wapi?

Alikwenda nyumbani mbio mbio, huku akipanga maneno. Atamsema palepale mlangoni, majirani wote wasikie.

Majirani walikuwepo. Wanaume wamekaa chini pembeni ya nyumba. Na kuanzia mlangoni mpaka uani zilikuwa zimepangwa ndoo: ya bluu ya Baba Erasto, ya mfuniko wa njano ya Faidha, nne za Zabroni. Nyingine bado zimejaa.

Dorika akatoka, kanga kiunoni, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Kitufe kilikataa, kaka," alisema. "Ingia. Mama tumeshamwosha."